Kengele ya Mtasema

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ile sangara walipoanza kuwatajirisha watu wa Mwanza. Jioni yake nilishika kiberiti kwa mkono wangu huu wa kulia nikajiona mtu mkubwa kuliko wote kilimani kwetu. Mwanangu, nimeomba miaka mingi niisahau jioni ile, na Mungu hakunijibu. Sasa nimezeeka na nadhani nimeelewa kwa nini. Alitaka nibaki nayo mpaka nikusimulie wewe, kwa kuwa nimesikia umenunua fashifashi, yaani fataki za kufungia mwaka, na nilipopita kwako juzi nilimwona mbwa uani.

Basi kaa, nisikilize. Sitakuchosha sana.

Babu aliyenilea aliitwa Masalu. Ujana wake wote alikuwa mpasua mawe. Unavyojua, huku Ilemela nyumba zetu zimekaa juu ya mawe kama kuku wanaoatamia, na hakuna msingi unaochimbwa bila jiwe kuondolewa kwanza. Jiwe la kawaida walilipasua kwa moto na maji. Jiwe lililokuwa kaidi lililetewa baruti. Na kabla ya baruti kulipuliwa, Babu ndiye aliyetumwa kuzunguka nyumba zote za jirani akigonga debe. Alisimama kila mlango akasema, "Jiwe linapasuliwa. Ingizeni watoto, ingizeni mbuzi, fungieni kuku." Wenzake walimcheka kwa habari ya kuku. Lakini hakuruka nyumba hata moja, na hakuna fundi aliyethubutu kuwasha utambi kabla Babu hajarudi na debe lake.

Kazi hiyo ilimchukua jicho moja kwa kipande cha jiwe. La pili lilififia lenyewe uzeeni. Nilipofika miaka ishirini alikuwa haoni hata mwanga wa mlango, lakini sikumsikia akinung'unika. Alisema Mungu alimwonyesha ziwa kwa miaka sitini na kwamba bado analikumbuka lilivyo.

Halafu alipewa mbwa. Alikuwa jike, mwekundu, mwembamba wa kienyeji, mkia umekunjika kama kata ya kubebea ndoo. Babu alichukua kengele ya ndama wa ng'ombe wake wa mwisho, kengele ndogo ya ukubwa wa limau, akamfunga yule mbwa shingoni kwa ukanda wa ngozi. Sijui alimfundishaje. Ninachojua ni kwamba baada ya miezi michache mbwa alikuwa akitangulia hatua tatu, na Babu akifuata mlio na fimbo yake. Kengele ikilia sawasawa, njia ni nzuri. Ikilia polepole, kuna mteremko. Ikinyamaza, Babu naye husimama, maana mbwa amesimama: kuna shimo, kuna jiwe, kuna baiskeli ya mtu imelazwa njiani. Kanuni ilikuwa moja tu, na aliirudia kama sala: kengele ikinyamaza, simama.

Kwa njia hiyo alikwenda kanisani Jumapili na Jumatano, alikwenda kuwaona wagonjwa, alishuka mpaka ufukweni kuosha miguu yake. Hakumtegemea mtu. Watu walicheka, ndiyo. Walisema mzee wa kanisa anaongozwa na mbwa kama ng'ombe wa mnadani. Yeye akampa mbwa jina la kuwajibu: Mtasema. Jirani yetu Mama Kabula, aliyekuwa akiuza mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vimeshaondoa minofu, alikuwa akimwita Babu kwa sauti kila asubuhi.

"Mzee Masalu, shikamoo. Mtasema ameamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ameamka na njaa kama wanaosema."

Mama Kabula anacheka, anamrushia mbwa kichwa cha samaki.

Mtasema alikuwa na udhaifu mmoja. Aliogopa radi. Na radi za ziwa letu unazijua, hazibishi hodi. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe kubwa kupita nyumba yenyewe, na chini yake pango dogo ambalo mtu mzima angeingia kwa kutambaa. Ngurumo ya kwanza ikisikika tu, Mtasema huwa ameshaingia humo. Babu hakumvuta wala kumkaripia. Alichukua kigoda akakaa mdomoni mwa pango, mvua ikimnyeshea magotini, akazungumza naye mambo ya kawaida kabisa: bei ya dagaa, nani amezaa, wimbo gani utaimbwa Jumapili. Nilimuuliza mara moja kwa nini asimtoe kwa nguvu ili azoee.

Alisema, "Mnyama akiogopa humfundishi kitu. Unakaa naye mpaka ipite. Hata sisi Mungu hutufanyia hivyo."

Niliyasikia maneno hayo kama kijana anavyosikia mahubiri ya Jumapili, akingoja yaishe.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilimwonea Babu haya. Nilikuwa nimepata kazi kwa Bwana Magesa, Mjita wa upande wa Mara aliyekuwa wakala wa sangara. Alikuwa akikusanya samaki visiwani kwa barafu na kuwapeleka kiwandani, na mimi nilikuwa msimamizi wa barafu. Nilivaa viatu vya mtumba vilivyong'aa, nilijua majina ya madereva wote. Na kila nilipoteremka na wenzangu tukakutana na Babu akija nyuma ya ile kengele, nilipunguza mwendo au nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Alinilea tangu mama yangu alipofariki, mwanangu, na mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka.

Bwana Magesa alijenga nyumba ya ghorofa kilimani kwetu, hatua mia na kidogo kutoka kwetu, akapanga sherehe ya kuingia. Akataka Babu aiombee, kwa kuwa ndiye mzee wa kanisa mkubwa kuliko wote eneo lile, na kwa kuwa ndiye aliyewahi kupasua mawe ya kilima kile. Lilikuwa jambo la heshima. Na mimi nikapewa heshima yangu: kwenda Mabatini, kwenye duka moja lililokuwa limejaa vitu vya kutoka nje, kununua fashifashi. Enzi zile zilikuwa ngeni kwetu. Kabla ya hapo mlio mkubwa tulioujua ulikuwa wa radi na wa baruti ya mawe. Nilirudi nimebeba boksi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Asubuhi ya siku yenyewe Bwana Magesa aliniita pembeni.

"Elia, babu yako ataomba, hiyo sawa. Lakini yule mbwa hapana. Nina wageni wa kiwandani. Sitaki aje kuzengea mifupa chini ya meza."

"Nitamfunga, bosi."

"Na ile kengele. Mzee akisema amina, kengele inajibu. Tutaonekana tuko mnadani."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, tena nikacheka kuwazidi.

Hakuna nyumba ya heshima ambayo haifungi mbwa siku ya karamu. Ndivyo tulivyozoea, maana mbwa akidokoa nyama mbele ya wageni aibu ni ya mwenyeji. Kwa hiyo sitasema kwamba kumfunga peke yake kulikuwa kosa geni. Lakini mimi nilifanya mambo matatu.

La kwanza, nilimfunga Mtasema kwenye nguzo ya banda la kuni kwa kamba ya nailoni ya nyavu, ile isiyokatika kwa meno wala kwa kuvuta. Nilimwachia ndefu ili apate kivuli. La pili, nilikumbuka kwamba Krismasi iliyopita aliwahi kuburuta paja la mbuzi la watu mpaka pangoni, ikawa maneno. Basi, ili hata akifunguka asipate pa kuifichia nyama, nikabingirisha mawe nikaziba mdomo wa pango, nikayashindilia na mengine madogo. La tatu, nilichana kipande cha shati langu kuukuu nikakisokota ndani ya kengele mpaka ulimi wake ukashikwa. Nilimtikisa shingo kuijaribu. Haikutoa sauti. Mtasema alinilamba mkono.

Nilipokuja kumchukua Babu saa kumi alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amekaa kitandani, kichwa ameinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza.

"Mtasema yuko wapi? Simsikii tangu mchana."

"Yuko pangoni kwake, Babu. Amelala."

"Si kawaida yake kulala saa hizi."

"Jua kali. Leo nitakuongoza mimi."

Akanipa mkono. Njiani aliniuliza, "Nasikia kutakuwa na fataki. Mmewaambia majirani?"

"Watu wote wamealikwa, Babu."

"Sikuulizi wa kualikwa. Nauliza walioko majumbani. Wenye wanyama, wenye wagonjwa."

Nikasema wameambiwa. Ulimi ukishateleza mara moja, mara ya pili hauhitaji hata tope. Babu akanishika bega akasema, "Usimfunge Mtasema hiyo saa ikifika. Na pango lake uliache wazi. Hayo tu ndiyo nakuomba." Nikasema sawa, Babu. Niliyasema hayo tukiwa tumesimama mahali ambapo, kama angekuwa na macho, angeyaona yale mawe niliyoziba nayo.

Karamu ilikuwa kubwa. Pilau, ndizi, mbuzi wawili, kreti za soda zimepangwa mpaka kifuani, jenereta ikinguruma kuendesha muziki. Babu aliomba sala fupi. Aliwashukuru waliopasua mawe ya msingi ambao hawakuishi kuiona nyumba, akaomba nyumba ile isiwe mzigo kwa jirani yeyote. Watu wakasema amina, na hakuna kengele iliyojibu. Nilimwona akigeuza uso taratibu kuelekea nyumbani kwetu, akasubiri kidogo, kisha akaketi.

Jua lilipozama ziwani Bwana Magesa aliniashiria. Nikapanda juu ya jiwe lililo mbele ya nyumba, nikapanga mirija yangu ya fashifashi, nikawasha.

Sitakuficha, zilipendeza. Nyekundu, kijani, dhahabu, na maji yote ya ziwa yakizirudisha. Wageni walipiga makofi. Lakini mlio wake hukuusikia, mwanangu, ukiwa katikati ya mawe. Kila mlipuko uligonga jiwe hili ukarushwa kwenye jiwe lile, ukarudi mara tatu. Kati ya wa pili na wa tatu nilisikia mbwa akilia nyumbani kwetu. Alilia mara moja, mlio mrefu ambao sijawahi kuusikia kwake. Mkono wangu ulisita. Nilikuwa na mirija saba imebaki. Watu walikuwa wakiniangalia.

Nikawasha.

Niliposhuka, kiti cha Babu kilikuwa kitupu. Fimbo yake ilikuwa imelala chini, labda ilipigwa teke na watu, labda hakuitafuta. Mama mmoja alisema alimwona akisimama katikati ya milio akiuliza, "Kengele iko wapi? Nani anaisikia kengele?" na kwamba walidhani uzee unamsumbua.

Nilikimbia kuelekea nyumbani. Nilimkuta nusu ya njia, katikati ya mawe mawili, mguu wake wa kushoto umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Mikono yake ilikuwa inavuja damu kwa kupapasa. Alikuwa bado akiita, kwa sauti ndogo, anaita jina la mbwa, ananyamaza kusikiliza, anaita tena. Miaka yote kanuni yake ilikuwa kwamba kengele ikinyamaza anasimama. Jioni ile kengele ilinyamaza na hakusimama, kwa sababu alimpenda aliyeivaa.

"Elia, ni wewe? Nimesikiliza. Sikuisikia kabisa."

"Usiseme, Babu. Usijitingishe."

"Yuko pangoni?"

Nikamwambia, "Nimemfunga, Babu. Hawezi kupotea."

Tulimpakia kwenye pikapu ya barafu, juu ya magunia, na safari yote mpaka hospitali uso wake aliugeuzia upande wa nyumbani. Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ninaijua methali hiyo tangu darasa la pili. Hawakunifundisha kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la huyo mkuu.

Asubuhi nilirudi nyumbani kuchukua shuka na uji. Mama Kabula alikuwa amekaa kwenye kizingiti chetu, kanga amejifunga kichwani kama watu wa msibani. Hakunitania. Alisema tu, "Njoo huku nyuma."

Kwanza niliyaona yale mawe niliyozibia pango. Yalikuwa yamekwaruzwa, na juu ya moja palikuwa na damu iliyokauka na kipande cha ukucha. Mtasema alijaribu mlango wake kwanza. Aliposhindwa alipanda juu ya lile jiwe kubwa, akaruka upande wa pili, upande wa jiko la Mama Kabula. Kamba niliyomwachia ndefu kwa huruma ilitosha kumvusha jiwe. Haikutosha kumfikisha chini. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imebakiza shibiri moja kugusa udongo, na jiwe pale lilikuwa limechorwa mistari myeupe, mingi, ya kucha. Hakufa upesi.

"Nilikuwa jikoni nasonga ugali," Mama Kabula alisema. "Milio ilipoisha nilisikia kitu kinakwaruza nyuma ya ukuta. Nikadhani pimbi, si unajua wanavyojaa kwenye haya mawe. Kikakwaruza, kikakwaruza, kikaacha." Akafuta uso. "Ningesikia kengele ningetoka, Elia. Ni hatua kumi. Mbona kengele haikulia?"

Nilimshusha Mtasema, nikamlaza, nikaingiza kidole ndani ya kengele nikachomoa kile kitambaa. Ikalia mkononi mwangu. Mama Kabula aliangalia kitambaa, akalitambua shati nililokuwa nikilivaa siku nyingi mbele yake, akainuka akaenda kwake. Alinisemesha tena baada ya mwaka.

Nilimzika pale pale, mbele ya pango, baada ya kuondoa mawe. Kisha nikaenda hospitali na uji, na kengele mfukoni. Nilipoingia wodini ilitoa mlio mdogo, na Babu akainua kichwa kwa haraka kutoka kwenye mto. Uso wake ulinawiri kwa kitambo kama cha kufumba jicho. Mwanangu, kama Mungu ana adhabu, mimi niliipata pale.

Nikamwambia yote matatu. Kamba, mawe, kitambaa. Nikamwambia na la nne, kwamba nilimdanganya, na la tano, kwamba nilisikia mbwa akilia nikawasha mirija saba. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani.

Babu aliusogeza uji pembeni. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Mungu alinifumba macho, nikamshukuru, kwa sababu alinipa mengine yenye miguu minne. Hayo mengine umeyafumba wewe." Akajiegemeza kwenye mto. "Mimi nilikuwa naingiza hata kuku wa watu nisiowajua. Nilipiga debe mpaka kwa waliokuwa wananitukana. Wewe mlango wako mmoja tu umekushinda."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe tangu ulipoanza kusema. Lakini msamaha hautembei mbele yangu na kengele."

Hakulirudia tena neno hilo mpaka anakufa.

Mguu uliunga vibaya. Babu Masalu aliishi miaka mingine miwili na kidogo, na miaka hiyo aliishia uani tu. Nilimbeba kwenda kanisani Jumapili ambazo sikuwa na kazi, kisha nikaacha kazi ya barafu ili nimbebe Jumapili zote. Hakuwahi tena kushuka ziwani. Bwana Magesa alikuja kumwona, akaleta sangara mzima, akakaa chini kwenye mkeka akatubu kwa dhati. Alikuwa mtu, si shetani, na hakujua nilichofanya kwa kitambaa. Akajitolea kuleta mbwa mwingine wa kizungu. Babu alimshukuru akakataa. Alisema yeye ni mzee mno kumfundisha mwingine, na hataki mbwa mchanga aje kubaki bila mwenyewe. Radi zilipopiga alikuwa akiniomba nimsogezee kigoda karibu na pango. Alikaa pale, mvua ikimnyeshea magotini, na hakuzungumza.

Alipokufa ndipo nilipokwenda chuo cha Biblia. Nimefundishwa huko mambo mengi ya neema na nayashukuru. Lakini somo la kwamba mwenye haki huijali roho ya mnyama wake nilikuwa nimeshalisoma, nyuma ya nyumba, kwenye jiwe lililochorwa kwa kucha.

Sasa, mwanangu, haya ndiyo ninayokuusia, na uyachukue yalivyo, maana majuto ni mjukuu, na mimi ni mjukuu mwenyewe.

Usimfunge mbwa wako siku ya fataki, wala kwa mnyororo wala kwa kamba, hata kama watu wote mtaani wanafunga. Mwingize ndani ya nyumba jua likiwa bado juu, chumba cha katikati kisicho na dirisha la barabarani, ufunge mlango vizuri, maana mbwa mwenye hofu anapita hata mahali ambapo panya angefikiri mara mbili. Mtembeze mchana apate kuchoka, mpe chakula mapema na maji yawepo. Tundika blanketi dirishani. Fungua redio kwa sauti ya kawaida, nyimbo au mazungumzo, ili mlio wa nje ukute nyumba ina sauti yake. Na paka wako vilevile. Yeye atakwenda chini ya kitanda, na hapo mwache.

Kila mnyama ana pango lake. Wa kwako labda ni chini ya meza, labda ni nyuma ya masufuria. Lijue mapema, liache wazi, na usimvute akishaingia. Usimkaripie akitetemeka au akikojoa sakafuni. Utafuta, sakafu itakauka. Kaa karibu naye, zungumza naye mambo ya kawaida. Usimpe pombe alale, kama wanavyofanya wengine, wala vidonge vyako vya usingizi. Kama hofu yake ni kubwa sana, kamwone bwana mifugo wiki moja kabla, akupe ushauri wa kweli. Mvishe ukanda wenye jina lako na mahali unapokaa, ili akitoroka arudishwe. Na kama ana kengele, iache ilie. Asubuhi, kabla hujamfungulia, zunguka uani uokote mabaki ya fataki, asije akayatafuna.

Halafu pita nyumba kwa nyumba. Hili ndilo watu wa siku hizi wanaliona dogo. Usiwaalike tu, waambie saa. Mwenye mbwa aambiwe, mwenye ng'ombe wa maziwa aambiwe, mwenye mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, mzee asiyeona. Ukishindwa kuwafikia wote, basi usiwashe. Na ukiwa umeshawasha ukasikia kilio, hata kiwe kimoja, hata uwe umebakiza mirija saba na mji mzima unakutazama, weka kiberiti chini. Mwangaza wa fashifashi unaisha kabla makofi hayajaisha. Nimeangalia angani miaka yote hii, hakuna hata cheche moja ya jioni ile iliyobaki.

Kengele ya Mtasema iko juu ya kabati langu, pamoja na miwani. Njoo kwangu uichukue kabla ya mkesha wa mwaka mpya, umvishe yule mbwa wako. Ukifika uitikise kwanza, uhakikishe kwamba ndani yake hamna kitu.

Mungu aliyewaumba wasioweza kusema akupe masikio ya kuwasikia. Akulindie nyumba yako na kila kipumuacho ndani yake. Na siku zako zote, mwanangu, asikupe hata jioni moja ambayo utaomba uisahau.